Mwalimu wa Fizikia Hastaafu Kahama

Mwalimu wa historia akistaafu, anapumzika. Hakuna jirani anayemgongea mlango alfajiri kumuuliza Kinjekitile alikuwa na maana gani. Mwalimu wa Kiswahili naye husumbuliwa pakitakiwa risala ya harusi, basi. Lakini mwalimu wa fizikia aliyejenga Kahama, almasi ya Mwadui upande mmoja na dhahabu ya Geita upande mwingine, huyo hakustaafu, alihamishiwa barazani. Kila mwenye jiwe zito mfukoni anaijua nyumba yake, na kila anayeijua huja kabla ya chai.

Wanakuja na maswali mengi ambayo kwa kweli ni swali moja tu: kitu hiki ni kizito kiasi gani kwa ukubwa wake? Darasani tuliliita densiti. Barazani kwangu linaitwa "Mwalimu, hebu angalia hapa kidogo," na hicho kidogo hula asubuhi nzima.

Wengi wao ni watu wa mifuko. Mawe yakishapandishwa kutoka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, hugawanywa kwa mifuko: mwenye leseni na yake, mwenye duara na yake, wachimbaji na yao. Mifuko inahesabiwa, haipimwi. Hapo ndipo vita huanza, maana kila mtu anataka ile mizito. Nimemwona kijana akinyanyua mifuko miwili, akafumba macho kama mganga, kisha akatangaza kwamba wa kulia ndio wenye mali. Mwanangu, nikamwambia, hata jiwe lenye gramu 10 za dhahabu kwa tani, ambalo mgodi wa shimo la wazi ungelishangilia, mfuko wake wa kilo 50 unabeba nusu gramu. Mkono gani huo unaosikia nusu gramu ndani ya kilo 50? Unachosikia ni mvua ya jana. Kama si mvua, ni pairaiti, yale madini ya njano yanayong'aa na kuvunja mioyo, ambayo densiti yake ni 5 wakati ya kwatzi ni 2.65. Alinisikiliza kwa adabu, akashukuru, akaondoka na mfuko wa kulia.

Hao nimewazoea. Aliyenitoa machozi ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayechimba kwa hisa maeneo ya Katoro kule Geita. Alishuka kwenye basi, akasema "Mwangaluka, mjomba," na kabla sijaitikia akaongeza, "Tumepigwa!"

Nikamkalisha, nikamwagizia chai. Kisa chenyewe ni hiki. Yeye na wenzake watatu walipata kitonge cha dhahabu. Walikuwa wamechanga pesa wakanunua mizani ya maji, ya mtumba, ili safari hii wasidanganywe na mtu. Wakakipima kitonge hewani, wakakipima ndani ya maji, mashine ikafikiri kidogo, ikaandika 968. Shangwe. Maana eneo lote lile hata mama ntilie anajua kwamba 999 ni dhahabu safi, 916 ni karati 22, na 750 ni karati 18. Ni sehemu za dhahabu ndani ya sehemu elfu moja. Sasa 968 ni karati 23 na kitu! Usiku uleule wakagawana pesa ambazo hawajazipata. Mmoja akaulizia bei ya bodaboda. Mpwa wangu akaenda mbali zaidi, akapeleka salamu kwa wazazi wa binti mmoja.

Asubuhi wakaenda soko la madini. Mnunuzi akapima, akasema: karati 17.

Kutoka 23 hadi 17! Hawakuuza. Walimrudia mnunuzi kwa maneno ambayo mpwa wangu alinifupishia kwa heshima ya umri wangu. Kitonge kikabaki kwa wale watatu, kila mmoja akimlinda mwenzake, naye akatumwa Kahama kwa mjomba msomi alete ushahidi wa wizi.

Nikamwomba anionyeshe picha ya kioo cha mashine, akafungua simu. 968, kweli kabisa. Nikavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Pembeni ya namba, kwenye kona iliyochubuka, palikuwa na vialama vimefutikafutika: lb/ft³. Ratili kwa futi ya ujazo.

Nikacheka hadi mama watoto akatoka jikoni kuangalia.

Hiyo 968 haikuwa usafi wa dhahabu. Ilikuwa densiti yake, tena kwa vipimo ambavyo hata maabara za Uingereza zimevitupa. Futi moja ya ujazo ya maji ina uzito wa ratili 62.4. Kwa hiyo ukitaka kuitoa namba hiyo Uingereza na kuileta kwenye hesabu yetu, unagawanya kwa 62.4, na 968 inakuwa 15.5, yaani gramu 15.5 kwa sentimita moja ya ujazo. Dhahabu safi kabisa ni 19.3. Ndiyo kusema kwenye mashine yao dhahabu safi ingesoma 1,205, na hapo sijui wale wanne wangegawanaje dhahabu iliyo safi kuliko usafi.

"Kwa hiyo mjomba ni ngapi?"

"Kumi na tano nukta tano."

"Kutoka mia tisa sitini na nane?"

Akaniangalia kana kwamba zile mia tisa hamsini na kitu zilizopungua nimezitia mfukoni. Nikajua sasa ana watuhumiwa wawili: mnunuzi na mimi.

Naomba hapa nilalamike kidogo, maana hasira nyingine si za mpwa. Hivi hawa waliotuletea ratili na futi walikuwa na ugomvi gani na hesabu? Kwa kipimo cha metriki, lita ya maji ni kilo moja, mambo yamekwisha, mtoto wa darasa la tano anakwenda kucheza. Kwao, galoni ya Kiingereza ina ratili 10 za maji, sawa, hapo walijitahidi. Halafu Mmarekani akabaki na galoni yake ndogo, yenye ratili 8 na theluthi. Kwa hiyo kijitabu cha pampu ya tope kikikwambia tope lina ratili 12 kwa galoni, kwanza uliza galoni ya nani. Kwa Mwingereza hilo ni tope jepesi. Kwa Mmarekani ni zito, na pampu yako itakuwa inalia.

Tani nayo wanazo mbili, moja ya ratili 2,240 na nyingine ya ratili 2,000. Na kana kwamba hiyo haitoshi, wahandisi wao wa migodi waliigeuza densiti kichwa chini miguu juu. Badala ya kusema futi moja ya mwamba ina uzito gani, wakasema tani moja ya mwamba inajaza futi ngapi. Kwatzi ni futi 12 kwa tani, ile tani ndogo. Ukichukua ile kubwa inakuwa 13 na nusu. Sasa mwamba unavyozidi kuwa mzito, namba inavyozidi kushuka! Dhahabu iliyomo ndani ya tani hiyo wakaipima kwa penniweti, ambazo 20 ni wakia moja. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, na vitabu vya Kiingereza vya uchimbaji vya enzi hizo vimejaa mambo haya. Nikivisoma huwa nawaonea huruma makarani.

Lakini lililo bora kuliko yote nililihifadhi kwa ajili ya wazee wa pamba. Shinyanga yetu ni ya pamba kabla ya kuwa ya kitu kingine, na wazee hao hukaa barazani kwangu jioni kungoja taarifa ya habari. Nikawauliza, baada ya mpwa kunywa chai yake: ratili ya pamba na ratili ya dhahabu, ipi nzito? Wakacheka. Mwalimu anatutega, ratili ni ratili. Nikawaambia hapana. Dhahabu hupimwa kwa kipimo chake cha kitroi, ambacho ratili yake ina wakia 12, jumla gramu 373. Pamba hupimwa kwa ratili ya kawaida yenye wakia 16, jumla gramu 454. Kwa hiyo ratili ya pamba inaishinda ratili ya dhahabu. Kimya. Sasa, nikaendelea, wakia ya pamba na wakia ya dhahabu? Wakasema kwa sauti moja: ya pamba. Nikawaambia hapana tena. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, wakia ya pamba ni gramu 28.35. Dhahabu imeshinda.

Mzee mmoja, aliyeuza pamba tangu mizani ya ushirika ilipokuwa ya mawe, akafikiri sana. Akasema, "Basi aliyetunga hivyo alikuwa mnunuzi."

Sijapata jibu la kumrudishia hadi leo. Na si utani mtupu, kwa sababu bei ya dhahabu ya London bado inatangazwa kwa wakia ya kitroi, na bei ya pamba ya New York bado inatangazwa kwa ratili. Sisi tunachimba kwa mifuko, tunavuna kwa kilo, tunauza kwa gramu, halafu bei inakuja kutoka ng'ambo ikiwa imevaa nguo nyingine. Dubai wao bado wanaijua na tola ya Kihindi, gramu 11.66. Na hapohapo mkoani kwetu kuna karati mbili ambazo hazijuani: karati ya dhahabu ni sehemu ya 24 ya usafi, karati ya almasi ni uzito, sehemu ya tano ya gramu. Ile almasi ya waridi ya Mwadui, ya mgodi wa Williamson, aliyozawadiwa binti mfalme Elizabeth alipoolewa mwaka 1947, ilikuwa na karati 54.5 kabla ya kukatwa. Inasikika ni mzigo. Piga hesabu: ni gramu 10.9 tu. Kitonge cha mpwa wangu kilikuwa gramu 12.4.

Alipolisikia hilo alinyanyuka kitini. Mjomba, dhahabu yetu ni nzito kuliko almasi ya malkia? Ni nzito, nikamwambia, ila kaa chini. Densiti ya almasi ni 3.5, kwa hiyo jiwe la malkia lilikuwa na sentimita za ujazo zaidi ya 3. Kitonge chenu hakifiki hata sentimita moja ya ujazo. Bodaboda haijarudi bado.

Turudi kwenye maji. Kizuri cha njia hii, na ndiyo sababu naipenda pamoja na uchovu wangu wote, ni kwamba haihitaji ratili wala futi wala gramu. Unapima kitu hewani, unapima kikiwa kimezama kinaning'inia bila kugusa chini, unatoa, kisha unagawanya ule uzito wa hewani kwa ule uliopungua. Archimedes wa Sirakuza alijua jambo hili zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na hakuwa na betri. Kitonge hewani gramu 12.4. Ndani ya maji 11.6. Kimepungua 0.8. Gawanya, unapata 15.5. Ungepima kwa wakia ungepata 15.5. Ungepima kwa punje za mahindi, kama zingekuwa sawasawa zote, ungepata 15.5. Vipimo vinakatana vyenyewe vinatoweka. Yule aliyetengeneza mashine alikuwa na namba safi isiyo na kabila mkononi, akaona haitoshi, akaizidisha kwa 62.4 ili watu wa Katoro wakose usingizi.

Sasa je, 15.5 ni karati 17 kweli? Hapa mpwa wangu alikaa vizuri, maana alidhani namtetea. Jibu ni kwamba inategemea dhahabu imechanganyika na nini. Densiti ya fedha ni 10.5 na ya shaba ni karibu 9. Kama kilichomo ni fedha, 15.5 inakupa karibu asilimia 71 ya dhahabu, ambayo ndiyo karati 17. Kama ni shaba, densiti hiyohiyo inakupa karibu asilimia 79, karati 19 kasoro kidogo. Kwa kitonge cha gramu 12.4, tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni gramu nzima ya dhahabu safi. Gramu nzima!

"Umeona?" akaruka. "Ametupigia hesabu ya fedha makusudi!"

Inaniuma kumtetea mnunuzi, lakini dhahabu inayotoka ardhini kwa kawaida hutoka na fedha ndani yake. Shaba nyingi huongezwa na sonara mjini. Kitonge cha duarani unakipigia hesabu ya fedha. Zaidi ya hapo, kwenye soko la madini wana mashine ya miale inayotaja moja kwa moja kilichomo, fedha kiasi hiki, shaba kiasi hiki. Nayo ina udhaifu wake: inaona ngozi tu. Kitu kilichopakwa dhahabu juu kinaweza kuipita, ndipo maji yanapokikamata, kwa kuwa maji yanapima hadi tumboni. Risasi iliyovaa dhahabu itakwambia 11 na kitu hata ing'ae vipi. Anayesumbua ni tangsteni peke yake, mwenye densiti ya 19.25, jirani wa ukuta mmoja na dhahabu. Huyo hukamatwa kwa kukata au kwa moto. Na kitonge kilichotoka kuchomwa zebaki nacho husingizia, kwa sababu kina vitundu vyenye hewa ndani. Kiyeyushwe kwanza, ndipo kipimwe.

Mpwa akanyong'onyea. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayefikiria namna ya kurudisha salamu alizopeleka kwa wakwe, kwa hiyo hatukupigwa?

Hapo ndipo nilipoiangalia ile picha mara ya pili, na hasira yangu ikapata mwenyewe halali. Uzito wa hewani 12.4. Uzito wa majini 11.6. Tarakimu moja tu baada ya nukta! Mwanangu, mizani yenu inahesabu kwa sehemu za kumi za gramu, na jibu lote mnalolitafuta limo ndani ya hiyo 0.8. Mizani ya namna hiyo ikisema 0.8, ukweli unaweza kuwa 0.75, unaweza kuwa 0.85, na hapo sijaanza kuhesabu kwamba imepima mara mbili. Ikiwa ni 0.75, densiti ni 16.5 na dhahabu yenu ni ya karati 19. Ikiwa ni 0.85, densiti ni 14.6 na haifiki karati 15. Mashine inaandika 968 kwa madaha, tarakimu tatu, tena kwa ratili na futi, wakati yenyewe haijui kama inapima karati 15 au 19. Safari hii ilibahatika kuangukia katikati, pale pale aliposimama mnunuzi. Safari ijayo haitabahatika, na mwenye hasara hatakuwa yule aliyewauzia mtumba.

Walichanga pesa wasidanganywe, wakanunua mdanganyifu wa kwao wenyewe. Bora yule wa sokoni, huyo angalau ana leseni ukutani.

Mpwa alirudi Katoro na karatasi yangu, 62.4 nimeizungushia duara la wino mwekundu. Wameuza kwa karati 17. Bodaboda imesubiri. Wakwe, nasikia, wanasubiri pia, na dada yangu ananinunia mimi, si futi.

Kwa hiyo ninyi wengine mnaojiandaa kuja barazani kwangu, nawaomba kabla ya kupanda basi mfanye mambo machache. Tazameni kama pembeni ya namba pana alama ya kipimo. Kama haipo, ulizeni kwanza hiyo ni namba ya nini. Kama ni ratili kwa futi ya ujazo, gawanyeni kwa 62.4 na mniache ninywe chai. Na mizani yoyote ya kupimia dhahabu majini, yenu au ya mnunuzi, iulizeni inasoma tarakimu ngapi baada ya nukta. Ikiwa ni moja, ondokeni na kitonge chenu. Mizani ndogo yenye tarakimu tatu inauzwa kwa pesa isiyofika bei ya gramu moja ya dhahabu. Mkitaka kufanyia biashara, ipelekeni kwanza Wakala wa Vipimo ihakikiwe. Ofisi zao hufungua asubuhi, na wao wanalipwa mshahara.